Mtani Akisema Kweli

Kiingereza changu chote nimekipata kwa wizi. Fremu yangu ya ushonaji pale Tandika ilipakana na darasa la Ticha, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao mtu akipiga chafya upande ule, mie huku nasema "afya". Kila jioni wateja wakipungua nilikuwa napunguza mwendo wa cherehani ili nisikie vizuri. Ticha alijua. Akiuliza swali, darasa likikaa kimya, mie najibu kupitia ukutani, na nikikosea ananisahihisha hapohapo: "Fundi, hiyo ni wakati uliopita!" Darasa zima linacheka, mie naficha uso kwenye gauni la watu.

Mtaani tulimwita Ticha tu. Jina alikuwa nalo, bila shaka, ila nadhani hata mwenye nyumba alishalisahau. Alistaafu kufundisha sekondari, mke wake alifariki miaka mingi nyuma, watoto wamesambaa na maisha yao, naye akapanga chumba cha uani pamoja na ile fremu ya mbele. Akaweka mabenchi, akaandika mlangoni kwa chaki: KIINGEREZA KWA WATU WAZIMA. Watu wazima wakaja kweli. Walinzi, wapishi, madereva, wadada wa mapokezi. Na walikuwa wasumbufu kuliko watoto, maana mtu mzima ukimwambia amekosea anakuuliza kwanza wewe umezaliwa mwaka gani.

Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata Tandika ikiwa tope tupu. Alitembea na kitambaa cha viatu mfukoni, na alikuwa anaweza kusimama katikati ya maongezi, akasema "samahani", akainama, akafuta, akainuka na kuendelea na sentensi palepale ilipokatikia. Unangoja tu. Lakini mwamba huyohuyo aliogopa kuku, na sio kidogo. Kuku akiingia darasani, Ticha anapanda benchi na somo linaendelea kutoka juu. Nilichungulia siku moja nikamkuta amesimama benchini, chaki mkononi, anafafanua jambo, wanafunzi wanaandika kama kawaida, na kuku chini anadonoa makombo yake. Hakuna aliyeshangaa.

Kilichompa jina mpaka Temeke Mwisho, hata hivyo, ni neno moja: "really". Walimu wengine wanaanza na salamu, sijui rangi, sijui siku za wiki. Ticha alikuwa anamaliza wiki nzima kwenye "really", na haoni haya. "Hili neno dogo," alisema, "ni mlango wa uani wa Kiingereza. Mlango wa mbele kila mtu anaujua. Ukitaka kujua watu wanaishije, pitia uani."

Siku ya kwanza aliwapa ile ya kukoleza. Umechoka: I am tired. Umechoka hasa, umechoka mpaka viatu vinakutazama: I am really tired. Weee, darasa lilipata kichaa. Kesho yake kila kitu kikawa "really". Mlinzi mmoja wa makamo, mwenye sauti nene, alisimama kujitambulisha: yeye ni really mlinzi, ametoka really Mtwara, ana really mke. Ticha akashika kichwa.

"Baba, hiyo ni pilipili. Pilipili inatiwa kwenye mchuzi, hailiwi bakuli zima."

"Sasa Ticha, nitajuaje kwamba imetosha?"

"Ukiona anayekusikiliza anatokwa machozi, umezidisha."

Siku iliyofuata ikaja "really" ya kuuliza, na hapo ndipo mtaa ulipochoka. Kuna ya kupandisha sauti, ya mtu aliyeshangaa kwa furaha: dada yako amejifungua mapacha? Really? Na kuna ya kushusha, ya mtu ambaye hakuamini hata chembe: foleni ndiyo iliyokuchelewesha mpaka saa hizi? Really. Ticha alitaka kila mmoja aweze zote mbili. Darasa zima likawa linapandisha, linashusha, linapandisha, linashusha, plaiwudi inatetemeka, mpaka mteja wangu aliyekuja kupimwa gauni la kitchen party akaniuliza, "Fundi, hawa ni kwaya ya wapi?"

Halafu ikaja ile niliyoipenda mie. Ticha aliandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine. I don't really like it. I really don't like it. Akawauliza tofauti. Kimya. Na mie ukutani kimya, maana hapo hata wizi ulikuwa haunisaidii.

"Ya kwanza," akasema, "hujaipenda sana, lakini kaa, tuongee. Ya pili, ondoka nayo. Maneno ni yaleyale, hili moja limehama kiti tu."

Kulikuwa na dada wa mapokezi kwenye gesti moja ya Sinza, mpole, mzuri wa sura, aliyekuwa anasumbuliwa na mteja wa kudumu. Huyo bwana kila akija lazima amtake dada watoke pamoja, na lazima amwombe kwa Kiingereza, cha kujidai. Dada, kwa adabu zake, alikuwa anamjibu kila siku na ile ya kwanza. Ndiyo maana bwana alikuwa anarudi, ana matumaini tele. Baada ya lile somo yule dada aliingia darasani anacheka mpaka akakaa sakafuni. "Ticha! Nimelihamisha! Amechukua begi lake!" Walimpigia makofi kama bibi harusi.

Siku moja nikaamua kumchokoza. Nikapaza sauti: "Ticha, sie tuna kweli, kwa kweli, kwelikweli, hasa, haki ya Mungu, wallahi, naapa, nife. Wenzetu mbona wanabanana kwenye kamoja tu?"

"Fundi, anayeapa sana anajua haaminiki."

"Basi Dar nzima hatuaminiki."

"Mie nimetoka Tabora," akajibu. "Simo."

Lakini alikuwemo, tena sana. Huyu mtu wa kupima maneno alikuwa mwongo wa kupindukia kwenye mambo yake mwenyewe. Alituambia anajipikia, tena anajua pilau, na sufuria zake zilikuwa mpya hazijawahi kuona moto. Alidai hapendi mpira, na timu yake ikifungwa darasa halifunguliwi. Aliwakataza wanafunzi umbea, na habari zote za mtaa nilikuwa nazipata kwake. Na alidai kwamba kwenda kwenye meza ya Mama Chapati asubuhi na jioni ni kwa sababu ya tumbo tu.

Mama Chapati alikuwa ng'ambo ya njia, mkabala na fremu zetu. Mjane, Mzaramo wa palepale Temeke, mwanamke wa kanga mbili na mdomo mmoja unaotosha mtaa mzima. Sasa Ticha ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokutana pwani, mmoja ana mzigo kichwani na mwingine ana ngoma. Na utani una sheria yake. Mtani anakutukana, unacheka. Mtani anachukua kitu chako, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na wazee watakuambia hivyo mbele za watu.

"Mpagazi!" Mama Chapati alikuwa anaanza kabla jua halijachomoza vizuri. "Umeamka? Njoo ubebe mzigo wako hapa."

"Nimeamka zamani. Wewe ngoma ya jana imekuachia saa ngapi? Maana Mzaramo na ngoma ni ndoa ya kanisani, haivunjiki."

"Nakupa chapati ya jana."

"Ndiyo nzuri. Ya leo umeipika na usingizi."

Ticha anajimiminia chai bila kuuliza, anakunywa kwenye kikombe cha Mama Chapati mwenyewe. Mama Chapati naye anachomoa kitambaa cha viatu mfukoni mwa Ticha, anafutia meza yake ya mafuta, anamrudishia. Ticha anakitazama, anashusha pumzi, anakitia mfukoni. Jamani, mie nilikuwa nafungua fremu mapema kwa ajili ya kusikiliza hao wawili tu. Siku ambazo nilikuwa na mawazo yangu ya kodi na ya mwanaume aliyenikimbia, nilikuwa nafika pale nimenuna na naanza kazi nacheka.

Kisha akafa mdogo wake Mama Chapati, wa kiume, aliyemlea kwa mikono yake. Tulikwenda msibani wote. Mama Chapati alikuwa amekaa kwenye mkeka, halii, hasemi, hali, macho makavu kabisa, wanawake wanamshika mgongo na kunong'onezana kwamba hii sio dalili nzuri. Ndipo akatokea Ticha. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, na anatembea mwendo wa marehemu, ule wa bega moja mbele, mpaka watoto wakapiga kelele. Akasimama katikati ya watu. "Nani amewaruhusu kunizika na mie chai sijanywa? Dada! Chai yangu iko wapi?"

Watu walianguka kwa kicheko. Wanaume nje walikuwa wanashikiliana. Mama Chapati akainua uso, akamtazama, akaanza kucheka, akacheka, akacheka, na ndani ya kile kicheko kilio kikamjia. Alilia mpaka jioni. Baadaye aliniambia, "Yule mpagazi ndiye aliyenitoa machozi, Fundi. Nilikuwa nakufa nayo humu ndani."

Tangu siku ile Ticha alibadilika, na mie jirani niliona kabla yeye mwenyewe hajajua. Alianza kujipulizia marashi. Akawa anakula chapati taratibu mno, mtu anatafuna mpaka unajiuliza kama ni mfupa. Na darasani mifano yake yote ikawa ya mwanamke anayepika.

Asubuhi moja, watu wamejaa mezani, yule mlinzi wa Mtwara ana kikombe mdomoni, Ticha akasimama, akafuta viatu, akainuka. "Mama Chapati, nataka kukuoa."

Mama Chapati aligeuza chapati kwanza. "Mahari utaibeba kichwani kutoka Tabora?"

Kicheko.

"Nasema kweli."

"Kweli ya Kinyamwezi hiyo, au ya watu wote?"

"Kweli kabisa. Wallahi. Really."

Ticha, mtu wa kutoapa, ameapa mara mbili kwa lugha mbili. Na Mama Chapati, ambaye miaka yote ile alikuwa anakanda unga huku kelele za darasa zinamwingia masikioni, akashika kiuno, akainua kidevu, na kwa sauti ya kushuka, imenyooka kuliko ya mwanafunzi yeyote, akasema: "Really."

Yule mlinzi chai ilimtokea puani. Njia nzima ililala. Na mie nilicheka, niseme uongo? Ticha pia alicheka, maana ilibidi. Lakini nilimwona alivyoondoka. Chapati yake aliiacha kwenye sahani, haijaguswa.

Kuanzia hapo mtu mzima yule alikuwa na shida moja tu duniani: Mama Chapati amwamini. Akaona labda kosa ni kujisemea mwenyewe, kwetu mtu hajiposei. Akamtafuta mshenga, mzee mmoja wa msikitini, mzito, asiyejua hata kutabasamu. Mzee akaenda Mbagala kwa kaka mkubwa wa Mama Chapati, akakaribishwa vizuri, akanywa kahawa, akaeleza ujumbe wake kwa maneno ya heshima. Kaka mtu akasikiliza kwa makini. Akauliza swali moja: "Huyo mposaji ni mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi."

Kaka akajiangusha chali. "Loh! Watani wametuweza! Yaani wamemtuma mpaka mzee mzima!" Tangu ile kanzu ya msibani, ukoo mzima ulikuwa unamtafutia Ticha jibu, na sasa wakaona amejileta mwenyewe. Wakamwambia mshenga posa imekubaliwa, bibi harusi ataletwa.

Mshenga alirudisha ujumbe kama alivyopewa. Ticha aliamini. Siku ya kuletwa alivaa kanzu mpya, nilimshonea mie. Wakaja na ngoma, mashangazi na kanga zao, vigelegele vimepasua mtaa, na katikati wamebeba sinia kubwa limefunikwa kanga nyekundu. Ticha akatoka mlangoni. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nilimsikia anapumua. Shangazi mmoja akamwambia, "Mfunue mkeo." Akafunua.

Alikuwa ni kuku, amevishwa ushanga shingoni. Hakungoja hata salamu, alimrukia bwana harusi kifuani. Ticha na kanzu yake alikuwa juu ya benchi kabla sijajua amepitia wapi, na wale wamama wanamzunguka wanaimba kwamba mke mzuri, hasemi sana, na anataga. Makubwa! Nimeona harusi nyingi, ile sitaisahau. Na Ticha kutoka juu pale alitabasamu, akaweka mkono kifuani, akawashukuru wote mmoja mmoja, kama sheria inavyotaka. Ng'ambo ya njia, Mama Chapati alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamruka.

Kesho yake jioni, kabla wanafunzi hawajafika, nikasikia plaiwudi inagongwa kidogo.

"Fundi, upo?"

"Nipo, Ticha."

"Mtani akitaka kusema kweli, anasemaje?"

Nikasimamisha cherehani. "Ticha, wewe ndiye mwalimu wa maneno."

"Nimetafuta. Nikisema sana, ni utani. Nikiapa, ni utani mkubwa zaidi. Nimetuma mzee, ni utani wa mwaka. Sina neno, Fundi."

Sauti yake ilinikata maini. Nilikuwa na pini mdomoni, nimechoka, nikasema lililonijia: "Basi usiseme."

Mie nilisema tu. Yeye akalifanyia kazi. Asubuhi yake alivuka njia, akasimama mbele ya meza, akasema, "Habari za asubuhi, mama. Naomba chapati."

Mama Chapati akacheka. "Mpagazi, umelala na nani? Na kuku?"

"Nimelala salama, mama, nashukuru." Akachukua chapati yake, akaondoka. Watu wakaacha kutafuna.

Ikawa hivyo siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Mama Chapati alijaribu yote. Alimtukania babu yake, mizigo ya babu yake, asali ya kwao, kichwa chake, Kiingereza chake. Alichomoa kitambaa cha viatu akakizamisha kabisa kwenye mafuta. Ticha akasema "hamna shida, mama", akanunua kingine. Mtaa ulipooza. Yule mlinzi akaniambia chai haina ladha. Chapati zikaanza kuungua, na Mama Chapati kuunguza chapati ni jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Jioni moja akavuka njia mwenyewe, akaingia kwangu, akasimama katikati ya vitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, nyie mnakaa ukuta mmoja. Ticha anaumwa?"

"Haumwi."

"Nimemkosea?"

"Hujamkosea."

"Sasa mbona ananiheshimu?" Na machozi yakamlengalenga.

Nikaona hapa sasa nikinyamaza na mie nitakuwa mchawi. "Mama, yule mtu alikuposa kweli. Ile haikuwa utani."

Akakaa kwenye stuli yangu, juu ya satini ya mtu. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mie mtoto? Nilijua ile asubuhi alipoacha chapati mezani. Mnyamwezi haachi chakula."

"Haa! Na kuku je? Si ulikuwa unacheka pale?"

"Nilikuwa nacheka na naona haya. Sikiliza, mdogo wangu. Mume nilishakuwa naye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakuninyima. Na miaka yote ile hatukuwahi kucheka, mie na yeye. Anaingia, anakula, anasema alhamdulillahi, analala. Nikajua ndoa ndivyo ilivyo, kazi kama kazi nyingine. Sasa huyu mpagazi nikimkubalia, keshokutwa si atakuwa mume? Atakaa kwenye kochi, atanuna, ataniita mama fulani. Mume ninaweza kupata mwingine hata kesho. Mtani kama huyu nitampata wapi?"

Ndipo nikagundua kwamba upande wa pili kuko kimya sana. Ilikuwa saa ya darasa, watu wamejaa kwenye mabenchi, na hakuna chaki inayokwaruza wala benchi linalolia. Nikatazama plaiwudi. Mama Chapati akatazama plaiwudi. Akashika mdomo.

Kutoka ule upande ikaja sauti ya Ticha, nzito kidogo: "Huyo Mzaramo hata akilia, analia kwa mdundo!"

Mama Chapati alisimama kama amechomwa sindano. "Mpagazi wewe! Unasikiliza maneno ya wakubwa?"

"Mkubwa nani? Ukubwa wako ni wa mwili!"

"Toka huko uje uyaseme huku!"

"Nitakuja na mizigo yangu yote, utaiweka wapi?"

"Kuna nafasi!" akapiga kelele Mama Chapati. "Nimesema kuna nafasi, njoo nayo!"

Darasa lililipuka. Walipiga ukuta, walipiga mabenchi, dada wa Sinza alikuwa analia na kucheka, ukuta ukaachia misumari miwili upande wa juu na haujarudi sawasawa mpaka leo. Siku ya ndoa shehe alimtaka Mama Chapati ajibu kwa mdomo wake, maana mjane kimya chake hakitoshi. Alimuuliza kama ameridhia. Mama Chapati akajibu kwamba inategemea bwana harusi ana nguvu za kubeba kiasi gani. "Mama," shehe akasema, "nataka ndiyo au hapana." "Ndiyo, shehe wangu, usikasirike."

Walihamia Kimara, Ticha alikuwa na kijumba chake huko alichokijenga kwa miaka mingi. Ile fremu ya pembeni yangu sasa wanauza simu. Mwaka jana Mama Chapati aliniagiza mapazia ya sebule, nikayapeleka mwenyewe ili niwaone. Nimefika getini, namkuta Ticha yuko nje, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kandambili miguuni. Amezeeka, mvi mpaka kwenye nyusi. Nikajua kuna msiba.

"Shikamoo, Ticha."

"Marahaba, Fundi. Usiingie kwanza."

"Kuna nini?"

"Jana tulikuwa tunakula. Nikamwambia ugali wake ungepelekwa kiwanda cha saruji pale Wazo, wangeutia kwenye mifuko. Akanijibu vizuri tu, akanitukana mpaka mababu. Halafu akasema, 'Mzee wewe, nakupenda.'"

"Hee! Ukamjibuje?"

Akaangalia vidole vyake. "Nikacheka, Fundi. Nilicheka mpaka nikapiga meza. Nikamwambia hiyo kali, hiyo imenipata. Nimeinua uso, mwenzangu amesimama, na hacheki."

"Jamani, Ticha."

"Tangu jana ananiita mume wangu. Mume wangu, chai hii hapa. Mume wangu, maji ya kuoga tayari." Akainyooshea nyumba kidole. "Nakufa. Ingia umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba nimesikia."

"Ticha, mie nashona nguo. Hilo ingia ulisemee mwenyewe."

Nikadhani atanigombeza. Akainuka. Akachomekea shati vizuri, akavua kandambili mlangoni, akaingia. Nikakaa kwenye ile ndoo, mapazia mapajani. Dirisha lilikuwa wazi. Sufuria iliwekwa chini, na nikamsikia Ticha anasema, taratibu, "Mke wangu, na mie nakupenda." Nikangoja jibu, maana nilimjua yule mama, nilijua hawezi kuliacha hilo lipite hivihivi. Nikajiandaa kabisa na kucheka. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na ndani hakuna aliyecheka.